Sufuria ya Msimamizi

Kadi aliileta Neema mwenyewe, Jumanne asubuhi, nikiwa uani kwangu Usa River namenya ndizi za supu ya mtori. Kadi nene, imepakwa rangi ya dhahabu mpaka inaacha unga vidoleni. "Shikamoo, dada Ndeshi," akasema, akabaki amesimama na viatu vyake virefu vinazama kwenye matope. "Baba na mama wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jubilei ya dhahabu, dada! Na mama hataki mpishi mwingine. Amesema, mwambieni Ndeshi, yule ni mtoto wa humu humu ndani." Mtoto wa humu ndani! Jamani. Nilishika kisu nikaendelea kumenya, kwa sababu mimi mikono ikisimama mdomo ndio unaanza kazi, na sikutaka kumtukania mtu mama yake asubuhi asubuhi. Tena binti mwenyewe hana kosa. Mambo yale yanatokea alikuwa na miaka minane, anakimbizana na kuku. Nikamwambia, "Mwambie mama nitapika. Meza kuu nitaipikia mwenyewe, kwa mikono yangu." Akafurahi, akanikumbatia hivyo hivyo na utomvu wangu wa ndizi. Alipoondoka niliingia stoo, nikasogeza magunia ya mkaa na majiko mabovu, nikaitoa sufuria iliyokuwa imekaa humo ndani ya kiroba. Nikaiweka katikati ya ua, juani, nikaizunguka. Kisha nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Mama yangu tulimzika mwaka jana, wakati wa baridi. Angesogea mwaka mmoja tu mbele angeiona hiyo dhahabu yao. Watu wananiambia nina kinyongo. Mchungaji ameniambia, mume wangu ameniambia, hata mama anayeniuzia vitunguu ameniambia. Sikatai. Ninacho, na nimekitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza ndoa zao. Mimi na Baba Imani tuna miaka kumi na tisa sasa, na hatujawahi kukata keki wala kuvaa sare. Kila mwaka siku yetu ikifika ananiletea mwiko mpya wa mbao, kwa sababu mwaka wa kwanza tu nilimwonya: ole wako uniletee kitu kinachong'aa. Alidhani natania. Nikamsimulia habari ya mwaka ule nilioishi Akheri, na tangu hapo analeta mwiko.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimekaa nyumbani Kikatiti bila kazi ya maana, na Mama Elibariki, mama yake Neema, ndiye aliyekuwa anapika kwenye sherehe zote kubwa za upande ule wa mlima: harusi, kipaimara, ugeni wa kanisa. Yeye na mama yangu walikuwa marafiki tangu darasa la kipaimara, na siku anafunga ndoa mama ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Ndiye aliyesimama ubavuni mwake madhabahuni, akamshikia maua, akatia saini kwenye kitabu. Basi mama akaenda kumwomba, "Nichukulie huyu mtoto umfundishe jiko." Nikaenda kwao Akheri mwezi wa kwanza na begi moja. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, migomba imekuja mpaka dirishani, na sebuleni kila kitu kilivalishwa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, hata jagi la maji. Kulikuwa na kabati la vioo lenye vyombo vya wageni ambavyo sikuwahi kuona mgeni akivitumia. Mimi nililala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya kahawa, na mpaka leo nikinusa kahawa mbichi nasikia baridi ya miguuni.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: yule mama alijua kufundisha. Alinisimamia nyuma ya shingo saa nzima kwa ajili ya kitunguu. "Usikikimbize! Kwani kimekuibia? Kiache kijikaange chenyewe." Alinifundisha kuijua ndizi ya mtori kwa kuigusa tu, kuonja chumvi kwa mgongo wa mkono, na kupika loshoro ya wazee, ile ya mahindi yaliyokobolewa, yakachemka tangu alfajiri mpaka yakalegea, ndipo yakapoa na kumwagiwa maziwa mgando. Nilimpenda. Nilikuwa nikimwona anavyotoa amri jikoni, kanga kiunoni, wanawake kumi wanamsikiliza, nasema moyoni nami siku moja nitakuwa hivi. Hilo ndilo linalonichoma hadi sasa, kwamba nilimpenda na kila ninachokula leo kinatokana na jiko lake.

Mwaka ule walikuwa wanatimiza ishirini na tano, jubilei ya fedha, na nyumba nzima ilikuwa haina habari nyingine. Kamati ilikutana sebuleni kila Jumapili baada ya ibada. Mimi nilikuwa napeleka chai na maandazi, narudi, nasimama koridoni na sinia tupu. Walijadili sare ya rangi ya fedha, karatasi za fedha za kufungia zawadi, matarumbeta, keki ya ngazi tano. Jubilei kwetu ina utaratibu wake. Maharusi wanaingia kanisani upya, wanarudia kiapo, na wasimamizi wale wale wa mwanzo wanarudi kusimama pale pale waliposimama. Msimamizi akiwa hai, hakuna mjadala. Mama Elibariki mwenyewe alikwenda Kikatiti mwezi wa pili kumwambia mama, "Jiandae, utasimama nami tena." Mama alinunua kitambaa cha kijivu kinachong'aa, akampelekea fundi, akaenda kujaribisha gauni mara tatu. Kila nilipokwenda nyumbani alinionyesha jinsi atakavyotembea. Alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati la vyombo, polepole, kichwa juu, anashika kibuyu cha maziwa badala ya maua.

Halafu Jumapili moja, mwezi wa tano, mvua inanyesha, nikiwa koridoni na sinia langu, nikasikia mama mmoja wa kamati anauliza, "Na msimamizi ni nani vile?" Mama Elibariki akajibu, "Ni Mama Ndeshi wa Kikatiti. Lakini jamani, tuseme ukweli. Zile picha zitakaa ukutani maisha yote. Mama Ndeshi ni mtu wa shamba. Viatu vyake si mmeviona? Na lile jino." Wakacheka. Kukawa na mama mmoja wa Njiro, kule mjini, mke wa meneja fulani, mrefu, mweupe, ana wigi zuri, waliyefahamiana naye kwa sababu ya kumpikia sherehe. Wakakubaliana huyo ndiye asimame. "Sasa Mama Ndeshi utamwambiaje?" mtu akauliza. "Nitaongea naye," Mama Elibariki akasema. "Ananielewa." Baba Elibariki alikuwa kwenye kiti chake, gazeti mkononi, akageuza ukurasa. Sinia lilinitoka mkononi kidogo, likagonga ukuta. "Nani huyo?" "Ni mimi, mama. Naleta chai nyingine?" "Lete."

Nikaleta chai! Hilo ndilo nililofanya. Sikwenda Kikatiti kumwambia mama, sikumwandikia, sikumtuma mtu. Nilijiambia ataambiwa na mwenyewe. Nilijiambia si juu yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijafika kwenye pilau. Mama Elibariki alikuwa ameniahidi kunifundisha pilau ya watu mia mbili baada ya jubilei, na niliogopa nikifungua mdomo nitarudishwa kwetu na begi langu. Wiki zikapita, mwezi ukapita, na yule mama hakuongea naye. Kila nikienda nyumbani nakuta mama anatembea na kibuyu chake, nami nakaa namtazama nasema, "Umependeza, mama."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama alifika Akheri asubuhi mapema, kapanda mlima kwa miguu kutoka Tengeru na sufuria kichwani. Kwa sababu mama alikuwa na jambo lake aliloliamini peke yake: msimamizi hashuhudii pete tu, anashuhudia na chakula, kwa hiyo msimamizi ndiye anayewapa maharusi sufuria. Siku ya harusi yao aliwapa ndogo, ya watu wawili. Sasa wana watoto, wajukuu wako njiani, wageni hawakauki, wanastahili ya watu thelathini. Alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka unajiona uso, akamwambia fundi achonge kwa msumari pembeni, chini ya ukingo: Baba na Mama Elibariki, miaka 25. Hakuwa na karatasi ya fedha ya kuifungia. "Hii yenyewe si ni fedha tosha?" akaniuliza, akacheka, na lile jino likaonekana.

Mlangoni mwa kanisa matarumbeta yalikuwa yameshaanza. Maharusi wamesimama, na ubavuni mwa Mama Elibariki yupo mama wa Njiro na glavu nyeupe hadi kwenye viwiko, ameshika maua. Mama akawasogelea anatabasamu, gauni lake la kijivu limemkaa vizuri, mikono ameshaikunjua kupokea maua. Akasimama. Akamtazama mama wa Njiro, akamtazama rafiki yake. Mama Elibariki akatazama mbele, kwenye madhabahu, kama mtu anayesubiri gari. Mzee mmoja wa kanisa akamshika mama kiwiko, akamwambia kwa upole, "Mama, njoo huku nyuma kuna nafasi." Mama akaenda. Nilikuwa nimesimama na wapishi pembeni, na aliponipita akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndeshi, wewe ulijua?" Nikasema, "Hapana, mama. Sikujua." Akaniamini. Alikaa benchi la mwisho, chini ya dirisha, na aliimba nyimbo zote.

Jioni, wakati wa zawadi, mshereheshaji akaita watu kikundi kikundi, wanakuja wanacheza: saa za ukutani, masinia, fremu za picha, vyote vinang'aa. Akaita, "Upande wa Kikatiti!" na upande wa Kikatiti alikuwa mama peke yake. Akaja anacheza na sufuria kichwani. Ukumbi ukaanza kucheka kidogo kidogo. Mama Elibariki akachukua kipaza sauti, na mpaka leo naisikia ile sauti. "Jamani, Mama Ndeshi! Sufuria yote hii? Amedhani tumepata zabuni ya kupikia wafungwa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama wa Njiro alicheka mpaka akashika kifua. Na mama yangu naye akacheka, ameziba mdomo kwa kiganja, akaiweka sufuria chini, akapeana mkono na meza kuu yote, mmoja mmoja, akarudi mahali pake. Wakati namsindikiza akaniambia, "Ni mizaha yake tu. Tangu kipaimara yuko hivyo. Na lile la kanisani labda alisahau kuniambia, watu wenye shughuli wanasahau." Nilitamani nipasuke. Nilitamani anitukane, atukane mtu, atupe kiatu. Hakutupa.

Kesho yake walifungua zawadi sebuleni. Nilikuwa napita na maji ya kunawa nikasikia, "Na hii je?" Na Mama Elibariki akajibu bila hata kugeuka, "Ipelekeni nyuma. Simba na Tomi wapikiwe humo." Simba na Tomi walikuwa mbwa. Kuanzia Jumatatu hiyo hadi mwezi wa kumi na mbili, kila alasiri, mimi mtoto wa mwenye zawadi ndiye niliyekoroga pumba na vichwa vya dagaa ndani ya sufuria ya mama yangu, nikaiburuta mpaka bandani, nikasimama hapo nikawatazama wanavyolamba yale maandishi ya msumari. Tomi alikuwa na tabia ya kuivuta kwa mnyororo, akaibonyeza upande mmoja. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa na ladha, naweza kuieleza kama ninavyoeleza chakula: chungu mwanzoni, halafu unaizoea, halafu ukiikosa unaitafuta. Nilikuwa naamka naitafuta.

Nilipokwenda Kikatiti mara ya kwanza baada ya sherehe, hata sijakaa, mama akauliza, "Ile sufuria wanapikia nini?" Macho yake yalikuwa yananingoja. Nikasema, "Wanapikia wageni, mama." Uso wake ukafunguka, ungedhani nimemwambia amezaliwa mjukuu. "Kweli? Wageni gani?" Nikaendelea, "Wageni wa kanisa. Walikuja wachungaji kumi na mmoja, Mama Elibariki akasema leteni ile sufuria ya Mama Ndeshi, hakuna nyingine inayotosha." Mama akapiga makofi. Akatoka nje akamwita jirani aje asikie. Kumbe nilikuwa nimejifunga mwenyewe, kwa sababu tangu siku hiyo kila nikifika nadaiwa habari mpya. Nilipika ndani ya ile sufuria pilau za uongo, mitori ya uongo, nyama ya maharusi ya uongo. Nikawa fundi wa kudanganya kuliko kupika.

Mwishoni mwa mwaka nilikuwa nimeshaijua pilau. Nikamwendea Mama Elibariki jikoni, nikamwambia nashukuru kwa yote, naondoka, na naomba ile sufuria ya mbwa. Akanitazama juu mpaka chini. "Ya mbwa? Unaenda kuifanyia nini?" Nikasema, "Nina kazi nayo." Akacheka kidogo, akarudi kwenye kitunguu chake. "Beba tu. Hata mbwa wenyewe wameichoka." Nilishuka nayo hadi Tengeru kichwani, njia ile ile aliyopanda nayo mama. Kikatiti sikuweza kuipeleka. Ningeiingiza vipi pale wakati inapikia wachungaji Akheri? Nikaiweka kwa mama mmoja muuza makande sokoni, huyo ndiye aliyenipa kazi ya kwanza. Baadaye nikafungua jiko langu Makumira, nalisha wanafunzi, baadaye nikahamia hapa Usa River na kuanza kuitwa kwenye sherehe. Kila nilikohamia ilihama nami, ndani ya kiroba, na sikuwahi kuchemshia humo hata maji. Niliapa siku itakaporudi motoni, moto huo atauchochea Mama Elibariki mwenyewe.

Mama aliugua muda mrefu. Wiki za mwisho alikuwa anachanganya watu na miaka, lakini lile hakulichanganya. "Ndeshi, ile sufuria bado ipo?" "Ipo, mama." "Na wao wamebakiza mwaka kufika hamsini." "Ndiyo, mama." Akasema, "Waambie siku hiyo wapikie humo loshoro ya meza kuu. Mimi miguu hainibebi tena. Sufuria itasimama badala yangu." Akafariki siku nne baadaye. Na mazishini nani aliomba kipaza sauti? Mama Elibariki, kofia nyeusi, leso mkononi, analia machozi ya kweli. "Huyu ndiye aliyesimama nami siku ya ndoa yangu. Huyu alikuwa msimamizi wangu." Watu wakamwonea huruma. Mimi nilikuwa nimeshika udongo wa kutupia kaburini na niliubana mpaka ukaingia kwenye kucha. Alipokuwa hai viatu vyake vilikuwa na kasoro. Amekufa, ghafla ni msimamizi!

Kwa hiyo kadi ilipokuja nilikuwa tayari. Niliisugua ile sufuria siku tatu, kwa majivu, kwa mchanga, kwa stiliwaya, nikaijaza maji ya moto yenye ndimu, nikayamwaga, nikaijaza tena. Sikutaka mtu aumwe tumbo, mimi ni mpishi, nina jina langu. Pale Tomi alipobonyeza nilipaacha. Maandishi ya msumari yalirudi yakasomeka. Alfajiri ya siku ya jubilei nilifika Akheri, na kwenye lile jiko la nje nikaweka mahindi yachemke. Mama Elibariki akatoka na shali yake mabegani, amezeeka, goti linamsumbua. "Ndeshi mwanangu." "Shikamoo, mama." "Marahaba. Moto wako unafifia, unaiona?" Akainama mwenyewe, akasukuma kuni chini ya sufuria, akapuliza mpaka ukawaka. Hakuitazama sufuria. Mimi nilitazama pembeni ili asione uso wangu.

Kanisani, pale mahali pa msimamizi, alisimama Neema. Yule mama wa Njiro alishaachana na mumewe miaka mingi, hakuna aliyejua yuko wapi, na niseme nilifurahi? Nilifurahi. Mchana, chini ya mahema ya vitambaa vya dhahabu, niliwapakulia meza kuu loshoro mwenyewe. Baba Elibariki, ambaye sasa hasikii vizuri, alikula bakuli la kwanza akapiga kelele, "Loshoro ndiyo hii! Niongeze!" Mama Elibariki alikula mawili. Alikula polepole, anafumba macho kila kijiko, akaniambia, "Hii ni ya jikoni kwangu kabisa. Niongeze kidogo." Nikamwongezea la tatu. Alimaliza, akalamba kijiko. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake namhesabia.

Mwisho wa chakula, kama ilivyo desturi, mshereheshaji akaita wapishi waje mbele washukuriwe. Wapishi wanakuja wanacheza na vyombo vyao. Wenzangu wakaja na miiko na masinia. Mimi nikaja na sufuria kichwani. Nilicheza alivyocheza mama, hatua zile zile, mpaka mbele ya meza kuu, nikaishusha mbele ya maharusi huku upande wa maandishi ukiwaelekea wao. Nikaomba kipaza sauti. Nikasema, "Wapendwa, mimi sina zawadi ya dhahabu. Nimeleta sufuria iliyopikiwa loshoro mliyokula hapa meza kuu. Hii ni zawadi ya Mama Ndeshi wa Kikatiti, msimamizi wa ndoa hii, aliyowapa maharusi siku ya jubilei ya fedha. Majina yao haya hapa. Mama Elibariki anaijua vizuri. Imeishi kwenye nyumba hii." Wageni wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakidhani ni jambo la kumkumbuka marehemu. Mama Elibariki hakupiga makofi. Alikuwa ameona maandishi, kisha ameona pale Tomi alipobonyeza, kisha akatazama bakuli lake tupu. Mkono wake ukaenda mdomoni ukabaki hapo. Pembeni yake mumewe anaita, "Kuna iliyobaki? Niongezeeni!" Nami nikamsogezea kipaza sauti, nikamwambia kwa adabu zote, mbele ya mchungaji, kwaya, wajukuu na kamati nzima, "Mama, waambie wageni. Miaka ile, hii sufuria mlikuwa mnapikia nini?"

Hema lilikuwa linapigwa na upepo. Alinitazama. Nilitaka aseme mbwa. Miaka ishirini na tano nilikuwa nasubiri neno hilo litoke kinywani mwake mwenyewe na loshoro bado iko tumboni. Akasema, "Wageni." Mshereheshaji akasema, "Hatusikii, mama, sogeza mdomo!" Akarudia, na sauti ikatoka kwenye spika zote, ikaenda mpaka kwenye kahawa za jirani: "Tulikuwa tunapikia wageni." Watu wakashangilia. Yule mwanamke alikuwa ameutoa uongo wangu neno kwa neno, ule ule niliomlisha mama, na hakujua. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Mmesikia wenyewe," nikarudi jikoni.

Wakati nafungasha vyombo alinifuata, peke yake, anashikilia ukuta. "Ndeshi. Chukua sufuria yako." Nikamwambia, "Si yangu, mama. Ina majina yenu." Akasema, "Nilikuwa kijana. Nilikuwa na majivuno." Ulikuwa na miaka arobaini na nane, nikafikiri. Akaanza kulia, akataka kunishika mkono, na mimi nikamwachia mwiko niliokuwa nimeushika ili mkono wake upate kitu cha kushika. Kusamehe sijamsamehe, mchungaji anisikie. Neema ananiambia sufuria iko jikoni juu ya meza, mama yake hataki iondolewe na hawezi kuitazama. Vizuri. Ikae hapo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kikatiti. Kaburi la mama liko pembeni mwa shamba la mahindi, na jirani yetu, yule yule aliyeitwa asikie habari za wachungaji kumi na mmoja, alikuwa anapalilia upande wa pili. Nilikaa chini nikamwambia mama mambo mawili. La kwanza, kwamba siku ile mlangoni mwa kanisa nilijua. Nilikuwa nimesikia kila neno, nikanyamaza kwa sababu ya pilau. Hilo sina wa kumsingizia, na kwa hilo nililia. La pili nililisema kwa sauti, mpaka jirani akasimamisha jembe akageuka. "Mama, ile sufuria wamepikia wageni."